Kwa Nini Waliacha Dawa

Nilifundisha mbinu za utafiti kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kama kuna kazi inayochosha kuliko kusoma mapendekezo ya utafiti ya watu wazima, mimi sijaiona. Labda kufundisha chekechea. Lakini watoto wa chekechea angalau hulala mchana.

Chuo chetu kilikuwa Embu mjini, na wengi wa wanafunzi wangu wa uzamili walikuwa walimu. Walikuja shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, wakiwa na bahasha za kaki na macho ya watu waliotoka kusahihisha mitihani jana yake. Walifika wamechoka, wakanikuta nimechoka. Na karibu wote walileta kichwa kilekile: "Mambo yanayoathiri" kitu fulani "katika Kaunti ya Embu". Mambo yanayoathiri matokeo ya mtihani. Mambo yanayoathiri uzalishaji wa kahawa. Ilifika mahali nikiona neno "mambo" kwenye karatasi, kichwa kinaanza kuniuma kabla sijafika mstari wa pili. Niliwaambia kila muhula kwamba utafiti huanza na swali, wakaandika hayo maneno kwenye madaftari yao, kisha wakaniletea mambo.

Mwanamke ninayetaka kumsimulia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Gachoka, kule chini Mbeere kwenye joto na ndengu. Umri wake haukuwa mbali na wangu. Alikuja ofisini kwangu amevaa sweta na leso juu yake, kwa sababu kwa watu wa Mbeere mji wa Embu ni barafu. Mimi niliyezaliwa huko juu Meru, kwenye ukungu, nilikuwa nimefungua dirisha. Tulianza kwa kubishana juu ya dirisha, na sikumbuki nani alishinda.

Kichwa chake kilikuwa "Mambo yanayoathiri afya ya wanawake katika Kaunti ya Embu". Chini yake alikuwa ameandika methali: Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikata methali kwa kalamu nyekundu kwa sababu ilikuwa jibu, na yeye alikuwa hajauliza swali. Kisha nikakikata na kichwa chenyewe.

"Wanawake gani, mwalimu?" nikamuuliza.

"Wa huku kwetu."

"Wote? Wale wa Runyenjes kwenye majani chai na nyinyi wa kwenye jua? Wasichana pamoja na mashosho wenye wajukuu? Na afya gani? Meno? Macho? Uzazi?"

"Daktari, si unipatie tu ile itapita."

Hilo ndilo walilotaka wote, niwapatie itakayopita. Siku nyingine ningempa, Mungu anisamehe, kwa maana ilikuwa saa ya chakula na nje ya mlango walikuwa wamekaa wengine na bahasha zao. Lakini goti lilikuwa likiniuma na sikutaka kushuka ngazi. Nikalifunga faili. Nikamwambia asahau chuo kwa dakika moja, aniambie kama anavyomwambia jirani wakiwa wamekaa wanachagua ndengu: yeye anataka kujua nini?

Alitazama mikono yake. "Nataka kujua kwa nini dada yangu aliacha dawa," akasema.

Dada yake mkubwa alikuwa na presha. Kituo cha afya hakikuwa mbali na boma lao na dawa zilipatikana. Dada alianza kuzimeza, halafu akaacha bila kumwambia mtu. Alianguka shambani wakati wa kuvuna, upande mmoja wa mwili ukafa, na wiki ile haikuisha kabla ya yeye kwisha. Walipokuwa wakigawa nguo zake walikuta pakiti za vidonge ndani ya debe la mbegu, zimefungwa vilevile kama zilivyotoka hospitali.

"Tulikuwa tunakunywa chai pamoja karibu kila jioni," akasema. "Alikuwa ananiambia mpaka kuku akitaga nje. Na hiyo hakuniambia."

Nilimpa pole, na pole ilinitoka moyoni. Kisha nikamwambia yale ambayo kazi yangu ilinitaka niseme. Utafiti hauwezi kumuuliza marehemu. Utafiti unahusu watu wengi. Akiufanya vizuri, mwisho wake atajua habari za wanawake walio kama dada yake, lakini dada yake mwenyewe hatamjua kupitia huo. Kama anachotaka ni dada, nikamwambia, aende kwa pasta wala asijisumbue na mimi. Alisema, "Sawa, Daktari," kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali hata kidogo.

Likizo hiyo yote ya Aprili tulikata na kushona. Tuliondoa Kaunti ya Embu, tukabakiza vijiji vinavyotumia kituo kimoja cha afya. Tuliondoa "afya" tukabakiza presha. Tuliondoa wanaume, na hapo alibishana, kwa kuwa mwenye presha kubwa kuliko wote kijijini alikuwa chifu mstaafu. Mwishowe tulibaki na sentensi moja: kwa nini wanawake wenye presha, walio karibu na kituo cha afya, huacha dawa walizo nazo? Niliisoma kwa sauti. Maswali ya aina hiyo hayakuja ofisini kwangu mara nyingi, na kwa siku nzima niliona kazi yangu ina maana. Siku iliyofuata akaja mtu na mambo yanayoathiri ufugaji wa nyuki.

Alisoma yaliyoandikwa na wengine, kama nilivyomwagiza. Alirudi na rundo la karatasi zilizochapwa kwenye saiba ya intaneti, tafiti za nchi ambazo hata kuzitamka ni kazi. Huko watu waliacha dawa kwa kusahau, kwa gharama, kwa umbali, kwa kuogopa madhara.

"Hawa wote si watu wa kwetu," akasema.

"Basi ndiyo sababu unaandika," nikamjibu.

Akatengeneza dodoso. Mimi nikalipitisha, maana nililisoma jioni nikiwa na marundo mengine, na lilikuwa safi, halina kosa la kuonekana. Nikamwambia alipime kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe. Jaribio dogo ni kama kuonja mchuzi. Huonji sufuria nzima, lakini ukikuta chumvi imezidi, hukaribishi wageni.

Agosti alirudi anatabasamu. Aliweka madodoso mezani na kuyapangusa kwa kiganja. Nikafungua la kwanza: sababu ya kuacha dawa, umbali wa hospitali. La pili, umbali. La tatu, umbali. Nilifungua yote mpaka la mwisho. Umbali, umbali, umbali. Hata kule chini, mahali pa kuongeza maoni, wote walikuwa wameandika kwamba wanaishukuru serikali na wangeomba zahanati nyingine.

"Mwalimu," nikasema polepole, kwa maana nilihisi hasira inapanda na sikutaka ifike juu, "hawa wanawake umewapata wapi?"

"Ni chama chetu. Wamama wa kanisa. Niliona ni rahisi, tuko pamoja kila wiki."

"Na walijaza wapi?"

"Kwa mwenyekiti. Tuliomba, tukakunywa chai, halafu tukajaza."

"Mkajaza, ama mkajadiliana?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni maji. "Si lazima tujadiliane? Hatuwezi kupeana majibu tofauti tofauti kama watu wenye hawaelewani. Mwenyekiti aliuliza tuseme nini, tukaongea, tukasikilizana ni umbali. Wengine walikuwa wanataka kusema gharama lakini walikuwa wachache."

Nilivua miwani nikaiweka mezani. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuwa na nguvu za lolote kati ya hayo mawili. Kwa sababu nilikijua chama hicho. Sijawahi kufika kwao, lakini sisi wa mlimani na wale wa chini tumelelewa na mama wa aina moja. Kikundi kikiulizwa jambo na mtu wa nje, hakijibu mpaka kikae, na kikikaa kinatoka na neno moja. Anayetoa la kwake amewaaibisha wenzake. Umoja ni nguvu, tuliimbiwa tangu uhuru, na hapo ulikuwa nguvu kweli, ila utafiti ukabaki hauna hata mguu wa kusimamia.

"Baadhi yao si wanaishi ukuta kwa ukuta na hicho kituo cha afya?" nikamuuliza.

"Mmoja anauza mandazi hapo kwa geti," akakiri, na sasa yeye ndiye aliyecheka. Tulicheka wote wawili mpaka katibu wa idara akachungulia.

Kisha tukaanza upya, na mwili wangu wote ulilalamika. Nilimweleza kwamba kila mtu lazima ajibu peke yake, mbali na mwenyekiti, mbali na chai ya chama. Nilimwonyesha kosa ambalo hata mimi lilinipita: alikuwa amewapa majibu ya kuchagua, umbali au gharama au kusahau, yote yametoka kwenye tafiti za mbali. Ukimfungulia mtu milango mitatu atatokea mmojawapo, hata kama mwenyewe angependa dirisha. Tukafuta yote. Tukaacha swali wazi. Nikamwambia akae na mwanamke mmoja mmoja, kwa Kimbeere chao, mikono yake ikiwa na kazi, na anyamaze. Walimu hawajui kunyamaza. Nilimwambia hilo mara nyingi.

Tulibishana pia juu ya ridhaa. Aliona ni upuuzi kumuuliza mwanamke aliyezaliwa naye kijiji kimoja kama anakubali kuulizwa. Nikamwambia ndiyo hasa maana lazima amuulize, kwa sababu mtu wa karibu ndiye anayeogopa kukataa. Amwambie kwamba anaweza kukataa, na kwamba jina lake halitaandikwa popote wala kutajwa kwa mtu yeyote. Alikubali kwa shingo upande.

Baina ya Agosti na Desemba nilipasuliwa goti. Lazima niseme kidogo juu ya hilo, maana bila hilo pengine nisingemwelewa alipokuja. Wenzangu wa idara walinipenda sana. Walikuja nyumbani na maziwa na ndizi, wakaomba, wakaimba. Niliporudi kazini nikakuta wamenipunguzia mzigo: darasa la ghorofani amepewa kijana, kamati ya mitihani amepewa kijana mwingine. "Pumzika, Mama," walisema. Sikuwa nimeomba kupumzika. Nilikuwa nachoka, ndiyo, lakini uchovu huo ulikuwa wangu, na nilizoea kuubeba mwenyewe. Kwa wiki kadhaa nilitembea kwenye kile kijia cha ofisi nikijihisi kama kiti kilichoondolewa mezani. Ningeweza kuwakasirikia, lakini utamkasirikiaje mtu aliyekuletea ndizi?

Desemba alikuja bila kutabasamu. Alikuwa atetee pendekezo lake mbele ya jopo wiki iliyofuata, na nilidhani ni woga. Alikaa na sweta lake. Dirisha lilikuwa limefungwa; mimi mwenyewe nilikuwa nahisi baridi siku hizo.

"Nilifanya vile ulisema," akaanza. "Mmoja mmoja. Nikanyamaza."

"Na wakasema?"

"Wengi waliniambia tu mambo ya kawaida. Lakini kuna mmoja, alikuwa rafiki ya dada yangu sana. Tulikuwa tunapepeta ndengu. Nikamuuliza kwa nini mtu anaacha dawa na iko kwa nyumba. Akapepeta mpaka nikafikiri hakunisikia. Halafu akaniambia, 'Nikianza hiyo dawa, nitasomwa.'"

Niliielewa kabla hajaeleza, kwa sababu kanisani kwetu pia wanasoma. Jumapili baada ya matangazo husomwa majina ya wagonjwa, ili waombewe. Halafu chama huchukua unga, sukari na sabuni na kwenda kumwona mgonjwa, hata akiwa mzima wa kuchimba mtaro. Nani angekataza jambo hilo? Ni upendo. Bila hilo wengi wetu tungekufa peke yetu.

Lakini presha haina mwisho. Malaria husomwa mara moja na kusahauliwa. Presha ukishasomwa umesomwa. Unakuwa mgonjwa mbele ya watu maisha yako yote. Rafiki wa dada alimweleza mwanafunzi wangu vizuri. Mwanamke akionekana kwenye foleni siku ya kliniki ya presha, Jumapili jina lake liko mbele. Kuanzia hapo haitwi tena kupika harusi. Hapewi kuweka pesa za chama. Akibeba mtungi, mtu anamkimbilia. Wakwe wanaambiwa wamhurumie. "Saa hii mimi ni mtu," yule mwanamke alikuwa amesema. "Nikisomwa, nitakuwa mgonjwa."

"Mwalimu," nikasema, na nilikuwa nimesahau goti na uchovu, "hili ni jambo kubwa. Hili halimo katika zile karatasi zako zote za saiba." Nilikuwa tayari naona sura ya kwanza ikiandikwa upya, naona jopo likiinua vichwa. Nilikuwa na furaha ya kweli, ile ambayo haikuwa imenitembelea ofisini kwa muda mrefu.

"Daktari," akasema, "mwenye husoma majina ni mimi."

Nikaiweka kalamu mezani.

"Mimi ndio mwalimu, nina sauti. Walinipea hiyo kazi kitambo sana. Nikisikia mtu ameonekana kliniki, naandika. Hata nilikuwa nawauliza wauguzi, ili nisisahau mtu."

Nilifanya kile ambacho mtu wa kazi yangu hufanya akibanwa. Nilirudi kwenye kazi. Nilimwambia kwamba mwanamke mmoja si ushahidi. Kwamba huenda wengine wana sababu nyingine kabisa. Kwamba kwa hali hii hawezi tena kuwauliza yeye mwenyewe, kwa sababu wanaoulizwa wanamwogopa muulizaji, na hilo linapotosha majibu. Tutafute mtu mwingine awahoji, katika vijiji vya kanisa jingine, na hayo yaelezwe wazi katika sura ya tatu, ile ya mbinu. Yote hayo yalikuwa kweli. Aliyaandika moja baada ya jingine kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaniuliza kama neno "muulizaji" linafaa au aandike "mtafiti". Nikamwambia lolote.

Alipomaliza aliifunika kalamu.

"Alipotoka hospitali mara ya kwanza nilimsoma," akasema. "Nilisema, dada yangu mpendwa. Kanisa lote likasema amina. Chama kikaenda. Yeye ndiye alikuwa anapikia harusi zote za huko kwetu, hakuna mtu alikuwa anajua kupima wali wa watu wengi kama yeye. Wakamwambia, wewe kaa, tutapika. Akakaa. Harusi mbili alikaa kwa kiti kama mgeni, na mimi nikamletea sahani."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilikuwa nimemfundisha kunyamaza, na sasa nilitamani yeye anyamaze kwa ajili yangu.

"Halafu Jumapili moja akaja akaniambia amepona, niandike. Alikuwa amevaa vizuri. Nilifurahi, Daktari. Nilifurahi sana. Sikumuuliza kitu. Nikamsoma tena, kwa shukrani, na wamama wakaimba, na Jumamosi hiyo ingine alikuwa jikoni anapika wali."

Mtu alibisha mlango, na bila shaka alikuwa na bahasha. Nilimwambia asubiri.